Faharasa ya Heshima

Katika nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi, maana nina familia na napenda kulala kitandani kwangu, alikuwapo fundi wa magodoro aitwaye Siwema. Alipita mtaa kwa mtaa na sindano yake ndefu. Akiitwa anaingia uani, anafumua godoro, anachambua sufi, anashindilia upya, anashona, anaondoka. Alikuwa na mdomo, huyo mama. Mumewe, Kombo Vuai, muuza makarai, alikuwa kinyume chake kabisa: mtu wa kukanyagwa mguu kisha akaomba radhi yeye. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na hawakuwa na mpango mwingine.

Siku tunayoanza nayo, Siwema alikuwa amesimama mbele ya dirisha la Ghala Kuu la Taifa akitaka mumewe apatikane. Nisieleweke vibaya. Kombo mwenyewe hakuwa amepotea. Kila mtu alijua alipo: Kambi ya Wasiothibitishwa, nyuma ya kiwanda cha sabuni, amekalia tofali. Kilichopotea ni jalada lake. Na katika nchi ile, mtu ambaye jalada lake halionekani hupakiwa kwenye lori siku ya Ijumaa, akapelekwa mpaka wowote ambao mafuta ya lori yatafika, akaambiwa atembee. Nchi ya mbele haimtaki, ya nyuma haimjui. Wengi waliopelekwa walikuwa bado wako hapo katikati, wanakula majani ya mikunde pori na kuota jua.

"Jina?" aliuliza karani wa dirishani, Bwana Pazi, kijana mnene mwenye sauti ya upole.

"Kombo Vuai. Nililitaja jana, na juzi nililitaja."

"Cheo?"

"Hana cheo. Anauza makarai."

"Basi huyo ni mwananchi mtiifu," alisema Pazi, na uso ukamwiva kwa huruma. "Pole sana, mama."

Zamani mambo hayakuwa hivi, na wacha niyaseme ili walioyaharibu wasipate usingizi. Ndani ya Ghala Kuu kila raia ana jalada lake, na majalada yamesimama kwenye rafu kwa utaratibu mmoja tu: aliyeandikishwa kwanza yuko mlangoni, aliyefuata yuko nyuma yake, na hivyo hivyo chumba baada ya chumba hadi bawa la mwisho, lililo mbali kiasi kwamba vumbi lake lina rangi tofauti. Kumtafuta mtu humo kwa macho ni kazi ya kichaa. Ndiyo maana ukumbini paliwekwa faharasa: makabati ya droo ndogo ndogo, na ndani yake vijikadi vilivyopangwa kwa herufi za majina. Kila kijikadi kilisema jambo moja, kwamba fulani yuko chumba fulani, rafu fulani, jalada la ngapi. Karani alifungua droo ya katikati. Akiona kapita jina anarudi nyuma, akiona hajalifikia anasogea mbele, na kila mara anaitupa nusu ya nchi nzima bila kuitazama. Akishapata kijikadi, anakwenda moja kwa moja. Ulikuwa ukiagiza chai kwa mama lishe wa nje, jalada linafika kabla ya chai.

Kisha akateuliwa Waziri wa Kumbukumbu na Heshima, Mheshimiwa Zefania Zongwe.

Siku ya kulizuru Ghala, Waziri aliomba, mbele ya kamera za televisheni, aoneshwe kijikadi chake mwenyewe. Na kwa kuwa jina lake ni Zongwe, kilikuwa kwenye droo ya mwisho kabisa, chini, inayogusana na sakafu. Waziri alichuchumaa. Droo ikakwama. Waziri akapiga goti, akavuta kwa mikono miwili, na suruali ya taifa ikachanika kuanzia kwenye mkanda hadi mahali ambapo sheria ya utangazaji hainiruhusu kupataja. Nchi nzima iliona. Siwema naye aliona, kwenye televisheni ya duka la jirani, akasema kwa sauti kwamba tangu Waziri ateuliwe hiyo ndiyo mara ya kwanza ameonesha kitu. Watu wakacheka hadi wakakohoa. Kombo peke yake hakucheka. Alimhurumia Waziri kwa sababu ya baridi.

Wiki iliyofuata Waziri akasimama bungeni na suruali mpya.

"Waheshimiwa," alisema, "nauliza, na historia inajibu. Taifa hili lilikombolewa kwa damu. Je, herufi zilimwaga damu? Nani aliichagua A iwe mbele? Ilipigiwa kura wapi? Tumekaa miaka yote hii, Amiri jeshi wetu yuko baada ya kila mpiga debe aitwaye Abdi, na tunajiita huru." Hapo alifuta jicho. "Kuanzia leo faharasa itapangwa kwa heshima. Mwenye heshima kubwa, juu. Mwenye heshima ndogo, chini. Na tuone ni nani sasa atakayepiga magoti."

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika mguu. Amri ikapita siku hiyo hiyo.

Droo ya kwanza akawekwa Rais, peke yake, na kijimto cha hariri. Ya pili mawaziri. Ya tatu wakuu wa mikoa, kisha majenerali, kisha wenyeviti wa bodi, kisha wajane wa wenyeviti wa bodi, na hivyo kushuka. Lakini heshima katika nchi ile haitulii. Leo fulani kapandishwa, kesho katumbuliwa, keshokutwa kasamehewa akapewa ubalozi. Na kila mmoja akisogea, wote walio chini yake inabidi wasogezwe droo moja. Kwa hiyo siku nyingi makabati yalifungwa kwa kufuli na kutundikwa kibao: MAREKEBISHO YA HESHIMA YANAENDELEA. Hata mkuu wa mkoa hakuweza kupata cheti cha ndoa yake wakati ndugu yake anapandishwa cheo.

Na sisi wengine? Wakulima, wauguzi, mafundi, wauza makarai, mamilioni ya watu, wote walikuwa na cheo kimoja, Wananchi Watiifu, kwa hiyo waliwekwa katika droo moja. Wataalamu walipiga hesabu wakaona hakuna haja ya kuandika kijikadi kwa kila mmoja, maana vyote vingesema cheo kile kile. Wakaandika kimoja tu, kwa wino wa dhahabu: "Wamo ghalani."

Hicho ndicho kijikadi alichokuwa anasomewa Siwema kila siku pale dirishani. Tena vitambulisho vya zamani, vilivyokuwa na namba ya faharasa ya herufi, vilifutwa vyote kwa pamoja, na doria zikaanza. Kombo alizolewa sokoni na makarai yake kichwani. Siwema alinusurika kwa kuwa saa hiyo alikuwa amejifunika godoro la watu akilishona kwa ndani.

"Sasa mkishasoma 'wamo ghalani', mnafanya nini?" aliuliza Siwema.

"Tunatafuta, mama. Kuna mzee wetu ameingia tangu asubuhi. Anasoma jalada moja moja."

"Jana alifika wapi?"

"Jana alifika mwisho wa chumba cha nne."

"Basi leo ataanzia cha tano."

Pazi akainama. "Leo ameanza cha kwanza."

Siwema alidhani hakusikia vizuri. Pazi akamfafanulia kwamba kuna waraka. Majalada ya mlangoni ni ya waasisi wa taifa, na Mheshimiwa Waziri ameona ni utovu wa adabu kuanza kazi ya siku kwa kuwaruka waasisi. Kwa hiyo kila asubuhi mtafutaji huanza na jalada la kwanza, husimama wima kidogo, kisha huendelea. Jioni ikifika, popote alipofika, anafunga.

"Na mume wangu aliandikishwa mwaka ule wa mafuriko," alisema Siwema taratibu. "Atakuwa bawa la mwisho."

"Bawa la mwisho hatujawahi kufika tangu waraka utoke."

"Kwa hiyo mzee wenu hata akisoma mpaka afe."

"Alishakufa mmoja," alisema Pazi. "Alifia chumba cha sita. Tulimpa cheti."

Siwema alishika nondo za dirisha. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alitaka kumpa yule kijana vidonge vyake, lakini alimtazama na kumwona ana shati lililotatuka kwapani na macho ya mtu asiyelala, akaona hapa nitapoteza mate bure. Ilikuwa Jumatano.

Wakati huo huo wakapita askari wawili wamemshika mkono mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na mbele yao anatembea Kapteni Lumuli wa Idara ya Maadui wa Taifa, bwana nadhifu anayenukia sabuni ya maua. Mwalimu alikuwa ameshtakiwa kwa kupiga chafya kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Wakaingia mlango wa pili, hapo hapo ukumbini. Siwema hakuwa amemaliza andazi alilokuja nalo aliposikia Kapteni anasoma kwa sauti maisha yote ya yule mwalimu: jina la mama yake, kijiji alikotahiriwa, deni la baiskeli, na jino aling'olewa na nani.

"Huyu mmempataje upesi namna hii?" aliuliza.

Pazi akatazama kulia na kushoto. "Huyo ni adui, mama. Maadui wana faharasa yao. Imepangwa kwa jina, nyingine kwa kijiji, nyingine kwa jina la mama, nyingine kwa makovu. Ukimjua kwa lolote, unampata."

"Wao hawakupanga kwa heshima?"

"Walikataa. Walimwambia Waziri heshima ni kitu kizuri sana, lakini wao wana kazi."

"Na kama mtu hayumo bado kwenye faharasa yao?"

"Wanafunga Ghala, wanaleta kikosi, kila askari anapewa rafu yake, wote wanatafuta kwa mpigo. Wakishampata wanamwandikia vijikadi vyake vyote. Hawarudii kumtafuta tena maishani." Pazi alishusha pumzi. "Ni watu makini sana."

Siwema alikunja karatasi ya andazi, akaitia mfukoni, akaenda mlango wa pili.

Kapteni Lumuli alimpa kiti. Katika jengo lile zima hicho kilikuwa kiti cha kwanza kupewa.

"Nimekuja kumshtaki mume wangu," alisema Siwema. "Ni adui wa taifa."

"Hongera," alisema Kapteni, akachukua kalamu. "Amefanya nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Alijaribu kukumbuka ubaya wowote wa Kombo. Aliwahi kusahau kuzima taa. Aliwahi kumpa mwombaji karai jipya. Hakuna kilichofaa. Mwisho akachukua kilicho chake akamvisha mumewe.

"Amemdhihaki Waziri. Suruali ilipochanika, alisema tangu ateuliwe ndiyo mara ya kwanza ameonesha kitu."

Kapteni alikohoa kidogo, akageukia ukutani, akakaa hivyo kwa muda, mabega yakimtikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu.

"Yuko wapi sasa?"

"Kambi ya Wasiothibitishwa. Ijumaa anapandishwa lori."

"Haiwezekani," alisema Kapteni, na kwa mara ya kwanza Siwema akaona ofisa wa serikali akikasirika kwa ajili yake. "Mgeni hawezi kulisaliti taifa letu. Sheria iko wazi, uhaini ni haki ya raia. Hatuwezi kuacha haki hiyo ivuke mpaka kwa uzembe wa watu wa lori." Akainua simu.

Ghala likafungwa. Mzee wa kusoma jalada moja moja alitolewa nje akiwa bado chumba cha pili. Kikosi kikaingia kwa mabuti, kila askari rafu yake, na kabla ya adhana ya alasiri sajini mmoja akatoka bawa la mwisho, nyusi zimejaa vumbi lile la rangi nyingine, ameinua jalada. Kombo Vuai, amezaliwa humu humu, wa baba wa humu humu. Siwema aliliona kwa mbali, jalada jembamba la kijani limeliwa pembe na panya, na machozi yakamtoka bila kuyaita. Palepale makarani wa Kapteni wakaandika vijikadi: cha jina, cha kijiji, cha mama, na cha kovu la kisigino alilolipata kwa karai.

Alhamisi Kombo alitolewa kambini, akapewa kitambulisho kipya chenye picha, maana mfungwa wa daraja lile ni lazima ajulikane, kisha akatiwa gereza la maadui. Lori la Ijumaa likaondoka bila yeye.

Siwema alipokwenda kumwona, Kombo alikaa upande wa pili wa waya, ameinamisha kichwa.

"Umeniuza, mke wangu," alisema.

"Nimekuuza. Ungetembea wapi, wewe na miguu hiyo?"

"Na maneno yenyewe siyo yangu. Ni yako yale."

"Ni yangu. Nisamehe." Sauti ilimkatika, na ilikuwa nadra mno sauti ya Siwema kukatika. "Ningekutafutia kosa lako, ila huna hata moja. Nimekaa na wewe miaka yote hii hujaniwekea akiba ya hata kosa moja."

Kombo akatoa kile kitambulisho, akakigeuzageuza kwenye mwanga. "Picha wameitoa vizuri," alisema.

Habari hazikai. Pazi alimwambia mama mmoja, mama yule akamwambia shemeji yake, na baada ya muda mfupi dirisha la Wananchi Watiifu likabaki na nzi. Foleni yote ilihamia mlango wa pili. Akina mama waliwaleta watoto wachanga wakiwashtaki kwa kulia wakati wa hotuba, ili wapate vyeti vya kuzaliwa. Wastaafu walijisema wenyewe, na mmoja alileta barua ya kumtukana Rais iliyochapwa kwa mashine na kupigwa muhuri na mwanasheria. Kapteni Lumuli aliwahudumia wote kwa adabu. Wasiotosha gerezani aliwaruhusu walale kwao, mradi waripoti.

Taarifa ikamfikia Waziri Zongwe kwamba droo ya watiifu imebaki tupu, kwa kuwa hata dereva wake amejishtaki apate leseni. Waziri alilia kwa uchungu, kisha akapata wazo, na hapo ndipo nchi ile huogopa zaidi. Sikukuu ya Uhuru ilikuwa inakaribia. Akatangaza msamaha kwa maadui wote. Vijikadi vyao vingechomwa uwanjani mbele ya umma, na wenyewe wangerudishwa kwenye droo yao ya zamani, chini ya kijikadi kile cha wino wa dhahabu. Vitambulisho vya gereza vingekusanywa. Doria zingeanza upya Jumatatu, ili kuhakikisha kila aliyesamehewa amethibitishwa.

Siwema alisikia tangazo hilo akiwa ameshika sindano. Alijidunga kidole na hakukitazama.

Siku ya sikukuu uwanja ulifurika. Maadui walipangwa katikati kwa mistari, na Kombo alikuwa mstari wa mbele, ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Kando yao vijikadi vilirundikwa juu ya kuni. Kapteni Lumuli alisimama karibu na rundo akilitazama kwa huzuni ya kweli. Kazi ya maisha yake ile. Waziri alipanda jukwaani.

"Wanangu mliopotea," alisema, "leo taifa linawapokea. Mtarudi kuwa watiifu kama zamani. Hakuna tena atakayewatafuta."

Watu walipiga makofi kwa kuwa askari walikuwa wameanza. Akaitwa wa kwanza, Kombo Vuai, apande asamehewe. Kombo akamgeukia mkewe kwenye umati, macho yamemtoka. Mtu aliyeomba radhi maisha yake yote, leo anaogopa kusamehewa.

Siwema akapasua watu. Alipita chini ya kamba, akapanda ngazi za jukwaa kabla walinzi hawajaamua ni wa nani, akasimama mbele ya Waziri na mbele ya kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna jambo limeandikwa vibaya. Mume wangu hakukutukana. Huyu hajui kutukana. Ni mimi niliyesema kwamba tangu uteuliwe, siku suruali ilipochanika ndiyo mara ya kwanza umeonesha kitu. Na leo nakuongezea. Ile ya pili hatujaiona bado, na hatuitarajii. Umechukua watu waliokuwa wanajulikana ukawapoteza kwa sababu ya tako lako. Ukifa, nakuombea wakutafute kwa kuanzia mlangoni."

Kisha, kutoka mstari wa mbele wa maadui, Kombo Vuai akacheka. Hakuwa amewahi kucheka hadharani; kilitoka kicheko kikubwa, kibaya, cha mtu asiye na mazoezi, akamnyooshea Waziri kidole huku analia kwa kucheka. Mstari wa pili ukadakia, halafu wa tatu, hadi kwa yule mwalimu wa chafya aliyekuwa amekaa chini ameshika tumbo.

Msamaha ukasitishwa palepale. Askari wakamshika Siwema mabega, na Kapteni Lumuli, aliyekuwa ameshapiga teke kiberiti kikaingia kwenye mfereji, akaja na kalamu mkononi, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Jina kamili?" alisema.

Siwema akalitaja polepole. Akataja jina la mama yake, na kijiji, na kovu la sindano kwenye kidole gumba cha kushoto, akamnyooshea kidole akione. Kisha akachungulia karatasi kuhakikisha.

"Andika vizuri, afande," alisema. "Na uniweke karibu na mume wangu."